Baba wa Nyumbani

Kuna watu wanaozaliwa na wivu wao, na kuna wanaouokota njiani wakiwa wameshaanza kuota mvi. Fundi Vioo alikuwa wa kundi la pili. Kwa miaka kumi na tisa alikata vioo katika kibanda chake bila kumsema mtu. Fundi mwenzake alipofungua duka mtaa wa pili, tena lenye mashine ya umeme ya kulainisha kingo, yeye alimpelekea wateja waliokuwa na haraka. Mkewe, muuguzi, alipochelewa kurudi na kusema alikuwa akipiga soga na daktari wa zamu, Fundi aliuliza tu kama wamekula. Watu walisema yule bwana hana kijiba cha roho hata cha dawa. Walisema hivyo kwa sababu walikuwa hawajamwona akimsikiliza mwanawe akimwita mtu mwingine baba.

Mwana alikuwa mmoja tu, wa kike, wa miaka sita na nusu, na hiyo nusu hakumwachia mtu aisahau. Alikuwa na jina zuri kwenye cheti, lakini tangu alipojua kutambaa hakuwahi kutulia mahali pamoja hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, bibi yake akamwita Kiroboto na jina likaganda. Kwa hiyo Fundi naye akawa Baba Kiroboto na mkewe akawa Mama Kiroboto. Baada ya shule mtoto alishinda kibandani kwa baba yake, ambako sheria ilikuwa moja: kaa juu ya sanduku la mbao, usishuke bila ruhusa, kwa maana chini kuna vipande. Basi miguu ilipokatazwa kwenda, mdomo ukaenda badala yake. Aliimba vya redioni, aliimba vya shuleni, na vyote vilipokwisha aliimba maandishi ya kwenye boksi la gundi, pamoja na onyo la kutoinywa.

Fundi alimsikiliza huku akifanya kazi. Alitandika kioo juu ya meza yenye blanketi kuukuu, akachovya kalamu ya kukatia kwenye mafuta ya taa, akaegemeza rula, akavuta mstari mmoja. Mmoja tu; ukirudia juu ya mstari uleule kioo kitakwenda kinakotaka. Kisha aligonga kwa chini, taratibu, akakivunja kwenye ukingo wa meza kwa mpigo usio na shaka. Wakati wa mpigo ule Kiroboto alijua kunyamaza. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na Fundi hakuomba mengine.

Siku alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe ilikuwa Jumatatu. Aliitwa kwenye ukumbi wa manispaa kubadilisha vioo vinne vya madirisha ya juu, na kwa kuwa mkewe alikuwa zamu, akaenda na mtoto. Kikundi cha waigizaji kilikuwa humo kikifanya mazoezi ya mchezo wa nyimbo. Fundi alipanda ngazi. Kiroboto aliketi chini, akaimba. Dari la ukumbi ule lilikuwa juu sana, na sauti ikapanda mpaka ikamkuta baba yake huko juu, kalamu mdomoni. Mwanamke aliyekuwa akiongoza mchezo, ambaye wote walimwita Mwalimu, aliinua mkono na kinanda kikanyamaza.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wangu," Fundi alisema kutoka juu ya ngazi, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Tunamtaka."

Akaona fahari, na msimcheke, nani asingeona? Usiku ule alimsimulia mkewe mara tatu, na kila mara ngazi iliongezeka urefu. Hakujua kwamba amempeleka mwanawe kwa mguu wake mwenyewe, kisha akashuka na kusema ahsante.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Baba mmoja ni mjenzi wa madaraja. Anapata kazi mbali sana, na lazima amwache binti yake. Mwisho wa sehemu ya kwanza anaondoka, binti anamwita mara tatu, naye hageuki, kwa sababu akigeuka hataondoka tena. Binti anabaki peke yake jukwaani na kuimba wimbo ambao watu walilipa kiingilio kwa ajili yake: "Daraja likiisha, rudi kwa njia hiyohiyo." Binti huyo akawa Kiroboto. Baba akawa karani mmoja wa posta, dirisha la tatu, bwana mrefu ambaye kwa sauti yake nene hata wazazi wake walikuwa wameshazoea kumwita Besi.

Sasa, Mwalimu alikuwa na kanuni yake. Alisema mtoto mdogo hawezi kuwasha na kuzima kama taa. Ukimtaka amwite mtu baba kwa moyo mbele ya umati, basi amzoee. Kwa hiyo mtu yeyote akivuka kizingiti cha ukumbi, jina lake analiacha nje. Besi ni baba, Kiroboto ni mwanangu, kwenye mazoezi, kwenye maji ya kunywa, mpaka kwenye kufunga kamba za viatu. Mara nne kwa wiki, miezi mitatu.

Wiki ya tatu, mezani, Kiroboto akasema, "Baba anaweza kushika noti moja mpaka nihesabu ishirini na mbili."

Fundi akacheka. "Mimi? Mimi nashika kioo tu, mama."

"Si wewe," Kiroboto alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea njia. "Wewe ni baba wa nyumbani. Namsema baba."

Mama Kiroboto aliinamia sahani yake, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Fundi alitafuna alichokuwa akitafuna. Lakini lile neno lilimkaa kooni. Wangekuwa baba wa nyumbani na baba wa jukwaani, angevumilia. Mtu na wake. Lakini yule alikuwa baba tu, bila mkia, na yeye ndiye aliyepewa mkia. Amekuwa baba wa kuelezewa, kama viatu vya mvua au sabuni ya kufulia. Alilala akilihesabu neno hilo kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kila alipolihesabu aliona limezidi maneno mawili.

Tangu hapo kila kitu kikawa kidonda. Kiroboto alianza kusema "hakika" kwa sababu Besi alisema "hakika". Alianza kukunja mikono ya shati mikunjo mitatu. Alikataa kuvushwa barabara kwa kushikwa kiganja, akataka kushikwa kifundo cha mkono, kwa kuwa huko ndiko mjenzi wa madaraja alikomshika. Mkewe alipomwita, "Baba Kiroboto, niletee taulo," Fundi aliuliza, "Yupi?" Alilisema kama utani, ila utani huo aliurudia siku tano mfululizo, na siku ya tano taulo lilirushwa kichwani mwake.

Kisha likaja la jino. Jino la mbele la chini la Kiroboto lilikuwa likicheza kwa wiki mbili, na Fundi alikuwa akilifuatilia kama mtu anayesubiri embe la jirani liive. Kila asubuhi alilijaribu kwa kidole. Bado. Alikuwa na mpango wake na uzi wake. Alhamisi akamfuata mtoto mazoezini, na mtoto akamtolea tabasamu lenye dirisha.

"Jino liko wapi?"

"Baba kaling'oa! Kaimba noti ndefu, nikafunga macho nihesabu, nilipofika tisa, limetoka. Wala sikulia."

Besi alisogea, akatoa mfukoni bahasha ndogo ya posta, iliyobandikwa vizuri, juu yake ameandika tarehe na saa. "Nimelihifadhi, Fundi," alisema. "Nilijua utalitaka."

Fundi aliipokea bahasha akasema ahsante sana, kaka. Njiani alimsimulia mwanawe jinsi yeye mwenyewe alivyong'olewa meno, yote, na baba yake mzazi, na hadithi hiyo haikuwa na mwisho mzuri wala mtoto hakuisikiliza. Roho ilimwuma mpaka akaona haya. Alijiambia: asiye na mwana aeleke jiwe, ndivyo wanavyosema; huyu hakutaka jiwe, kaeleka wangu.

Maana Besi hakuwa na mke wala mtoto. Fundi aliyapata hayo posta, siku aliyokwenda kununua stempu asiyoihitaji ili amwangalie mtu wake katika mwanga wa mchana. Alipanga foleni dirisha la tatu, wakati dirisha la pili lilikuwa tupu. Alitegemea kuona mtu wa majivuno. Akakuta mtu anayemsomea bibi mmoja barua ya serikali neno kwa neno, mara mbili, bila kutazama saa. Hapo Fundi alikasirika zaidi, kwa sababu mtu mbaya ukimchukia unapumzika, lakini huyu hakumwachia hata mahali pa kushika.

"Una mtoto wa ajabu, Fundi," Besi alisema alipofika zamu yake. "Ananichekesha. Ananiambia wewe ukioga unaimba, na maji yanageuka baridi."

"Anatania," Fundi alisema. Mtoto hakuwa akitania. Hiyo ilikuwa siri ya nyumba, na sasa ilikuwa posta.

Mkewe alichoka kwanza. Jioni moja, akivua viatu vya kazi, alisema, "Sikiliza. Neno lenyewe si tatizo, lugha yetu ina nafasi. Mtoto anaweza kuwa na baba wawili, watatu. Amwite baba mdogo, na wewe ubaki baba. Yaishe."

Fundi aliligeuza wazo lile, akaliona zuri kuliko alivyotaka kuonyesha. Baba mdogo! Besi na urefu wake wote, mdogo. "Sawa," alisema. "Ila mdogo lazima awe mdogo kweli. Ana miaka mingapi?"

Kiroboto alijua, alijua kila kitu cha yule mtu. "Arobaini na nne."

Fundi alikuwa na arobaini na mbili.

"Basi ni baba mkubwa," mkewe alisema, na safari hii hakuinamia sahani. Alicheka waziwazi, akashika ukuta, akakaa chini na kiatu kimoja mkononi. "Baba Kiroboto, samahani. Ni baba mkubwa!"

"Mkubwa!" Fundi alisimama. "Yaani mimi niwe mdogo nyumbani kwangu? Abaki alivyo!" Na Besi akabaki alivyo.

Maonyesho yalikuwa matatu: Jumamosi, Jumapili, na Jumamosi iliyofuata, yote saa kumi alasiri. Jumamosi ya kwanza Fundi alinyoa, akavaa koti la harusi yake, ambalo lilimbana kidogo kwapani, akaenda mlango wa nyuma na chupa ya maji aliyoisahau mtoto. Pale alikaa bawabu mwenye karatasi ya majina.

"Mimi ni baba wa mtoto mdogo. Kiroboto."

Bawabu alipitisha kalamu kwenye karatasi. "Baba yake ameshaingia."

"Hajaingia. Ndiye mimi huyu."

"Bwana, nimemwona kwa macho yangu mawili. Mrefu, ana mfuko wa nguo. Mtoto kamrukia shingoni, baba, baba. Sasa wewe ni baba yupi?"

Jibu lilikuwepo. Fundi alilijua, lilikuwa na maneno matatu, naye afadhali angemeza msasa kuliko kulitamka mbele ya bawabu. Alisimama na chupa yake mpaka mkewe alipotokea kutoka ndani. "Huyu ni mume wangu," alisema. "Haya mama, wewe nakuamini," bawabu alisema, akaichukua chupa, na bado hakumruhusu kupita.

Kwa hiyo alipoketi safu ya tatu alikuwa tayari amechemka. Pazia likafunguka. Sitasema Kiroboto aliimba kama malaika, sijamsikia malaika; nitasema watu mia tatu waliacha kukohoa. Fundi alitazama, na fahari na wivu vikagombania kiti kimoja kifuani mwake. Kila mtoto alipomtazama Besi kwa macho yale, alijiuliza kama amewahi kumtazama yeye hivyo. Kila Besi alipomshika kifundo cha mkono, Fundi alishika mkono wa kiti. Kisha mjenzi wa madaraja akachukua begi lake, akageuka, akaanza kwenda.

"Baba!" Kiroboto aliita.

Fundi alijizuia.

"Baba!"

Mkewe alimtazama kwa pembe ya jicho, kwa kuwa alimsikia akivuta pumzi.

"Baba!"

"Naam!" Fundi alisema, kwa sauti ya kibandani, sauti ya kushinda nyundo. Na kwa kuwa lilishatoka akalimalizia: "Niko hapa, mwanangu!"

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Watu walicheka wakishikana. Mtu nyuma alisema, "Mwache mzee, kaitwa!" na kicheko kikaanza upya. Jukwaani Kiroboto alikuwa amesimama mikono chini, akitazama safu ya tatu. Aliimba wimbo wake, alifika mwisho, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni. Fundi alikaa ndani ya koti lake la harusi na hakuinua uso tena mpaka taa zilipowashwa.

Nyumbani, akivuliwa viatu, mtoto aliuliza.

"Kwa nini uliitika?"

"Uliita baba."

"Sikukuita wewe."

Fundi hakuwa amewahi kujua kwamba maneno mawili ya mtoto yanaweza kumketisha mtu. Aliketi. "Nimekosa, mama," alisema. "Ilinitoka tu."

"Watu walinicheka."

"Walinicheka mimi."

"Walicheka kwenye wimbo wangu," Kiroboto alisema. Kidevu kilimtetemeka, lakini alikishinda. "Usije tena. Kesho usije. Na Jumamosi usije."

Jumapili mama akaenda na mtoto, na Fundi akaenda kibandani, ingawa Jumapili hakufungua. Alijipa kazi ya madirisha sita ya mteja wa wiki ijayo. Alipima, akakata, akavunja. Vyote sita vilitoka vifupi kwa upana wa kidole. Kioo hakiungwi. Alivipanga ukutani, akavitazama mpaka saa kumi na mbili, akiwaza kwamba kesho na keshokutwa mwanawe atakuwa na miaka saba, kisha ishirini, na siku yake ya kwanza jukwaani watu wataikumbuka kwa mzee mmoja aliyeitika. Wivu ulikuwa bado upo. Hata aibu haikuufukuza. Aliporudi nyumbani aliuliza imekuwaje, na mkewe akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo. Muulize mwenyewe." Mtoto alikuwa ameshalala.

Jumatatu mchana, saa ya posta kula, Besi aliinama kuingia kibandani. Alisimama katikati ya vioo vya kujitazamia, na palikuwa na akina Besi saba, kama vile mmoja hakutosha.

"Fundi, nimekuja kwa ombi."

"Sema."

"Jana mtoto kaita mara mbili vizuri. Ya tatu kaita, kisha akageuka akatazama kile kiti chako. Kiti kina mtu mwingine. Akanyamaza. Mimi nimeshafika nyuma ya pazia, nasikia kinanda kinarudia mwanzo wa wimbo. Mara ya kwanza, mara ya pili. Kimerudia mara nne, Fundi. Mwalimu ikabidi aimbe yeye kutokea nyuma." Besi alijifuta jasho. "Anasubiri uitike. Nilimwita kwa chini, 'mwanangu, mwanangu,' wala hakunisikia. Njoo Jumamosi."

Ni aibu kusema, lakini hadithi ni hadithi: moyo wa Fundi uliruka. Mtoto ameharibikiwa mbele ya watu mia tatu, na baba yake amesimama na kalamu mkononi akifurahi kwamba ameharibikiwa kwa ajili yake. Mengi ya maneno yale yalimpita. Alisikia "hakunisikia" tu, akalirudia moyoni kama mtoto anayenyonya pipi.

"Kanikataza," alisema.

"Basi muombe," Besi alisema. "Mimi nimeshamwomba, kasema hilo ni la nyumbani."

Fundi alimwomba Jumatano, Kiroboto akiwa juu ya sanduku lake. Alishusha kalamu kwanza. Mtoto alifikiri, akipiga visigino kwenye mbao.

"Njoo," alisema mwisho. "Ukae kiti kilekile. Lakini nikiita, usiitike."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Wala usikohoe. Baba haitiki, ndivyo mchezo ulivyo."

"Sitaitika."

"Apa."

Akaapa. Na kwa kuwa hakujiamini, alianza mazoezi. Siku tatu mkewe alimwita "Baba Kiroboto!" kutoka jikoni, naye alikaa kimya, meno yamekutana. "Umekuwa kiziwi?" mkewe aliuliza. "Najifunza," Fundi alisema. "Basi jifunze huku unaosha vyombo," mkewe alisema, naye akaosha, bila kuitika.

Jumamosi hakuvaa koti. Alifika mapema, akakalia kiti chake cha safu ya tatu, akaweka mikono chini ya mapaja kama mwanafunzi. Watu wawili walimtambua na kumwonyesha kwa kidole. Mchezo ulianza. Besi aliimba, na kwa mara ya kwanza Fundi alihesabu ile noti: ilifika ishirini na tatu. Ilimwuma kama kawaida. Kisha begi likachukuliwa, mgongo ukageuzwa.

"Baba!" Kiroboto aliuita ule mgongo mrefu.

"Baba!" Mgongo ukaingia nyuma ya pazia.

Mtoto aligeuka. Alitembea hatua mbili mpaka ukingo wa jukwaa, akatazama safu ya tatu, akamwona. Mara hii hakuita kwa sauti ya mchezo. Ilikuwa ile sauti ya sabuni machoni, ya ndoto mbaya, ya "njoo uone damu". Sauti ambayo kwa miaka sita na nusu ilimwinua Fundi kitandani kabla hajajua kwamba ameamka.

"Baba!"

Magoti yake yalishaanza kunyooka. Mkewe alimshika kifundo cha mkono, akamkandamiza. Fundi aliuma mdomo wa chini mpaka akaonja chumvi. Hakuitika. Kiroboto alisubiri. Alimtazama baba yake akiwa pale pale, hatua kumi, mdomo umefungwa, na uso wake ukaanza kubadilika kuanzia kidevuni kwenda juu, mpaka macho yakajaa na kumwagika. Kinanda kilianza. Akaimba huku analia, "Daraja likiisha, rudi kwa njia hiyohiyo," kila neno mahali pake, akimwimbia mtu mmoja, na ukumbi wote ukatafuta leso.

Basi alipata alichokitaka. Miezi mitatu alimwonea gere mtu mwingine kwa machozi ya mwanawe, na sasa yale hapa, yake peke yake, mbele ya mia tatu. Fundi aliyatazama na akaona angempa Besi yote, na jina, na ukubwa, na kila jino lililobaki kinywani mwa mtoto, mradi tu aruhusiwe kusema naam moja. Lakini alikuwa ameapa.

Watu walipiga makofi wamesimama. Baadaye, kwenye mlango wa nyuma, Besi alitoka akiwa amembeba Kiroboto begani, bado na rangi ya mchezo usoni. Mtoto alipomwona Fundi aliteleza chini kwenye mwili wa yule bwana kama anayeshuka mti, bila kuaga, akaenda. Besi alibaki na mikono mitupu, akaitazama, kisha akamtazama Fundi kwa jicho ambalo Fundi alilijua vizuri. Alikuwa ameamka nalo kila asubuhi tangu wiki ile ya tatu. Na tusimpake mafuta Fundi wetu. Alilitambua lile jicho, na likamfurahisha.

Furaha hiyo ilidumu mpaka mtoto alipomfikia. Kiroboto alisimama mbele yake, hakumrukia. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye rangi ya mashavu.

"Mbona hukuitika?"

"Ulinikataza, mama. Uliniapisha."

"Najua," Kiroboto alisema. "Lakini mbona hukuitika?"

Fundi akapiga goti kwenye sakafu ya saruji, akaanza kumfunga kamba ya kiatu, ambayo haikuwa imefunguka.